Padri, Ule Mmea Sikuuchuma Mlimani

Mpendwa Padri wangu,

Shikamoo. Wenzangu Wakatoliki wangeanza kwa kumsifu Yesu Kristo, nawe ungewaitikia. Lakini mimi na wewe tulikuwa na shikamoo yetu tangu siku ile ya kwanza ya kidato cha tatu, nilipochelewa kipindi chako cha baiolojia nikasimama mlangoni na mtandio wangu, macho yameganda kwenye kanzu nyeupe yenye madoa ya kijani magotini. "Marahaba, binti wa Kolo," ulisema, na mpaka leo sijui nani alikuambia nimetoka Kolo. "Kwenu kuna mlima mzuri sana. Kaa hapa mbele."

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba chako cha majani, ulimohifadhi mimea yako mikavu. Ni alasiri, wanafunzi wako bwenini, na upepo wa Msalato unaingiza vumbi kila penye ufa. Siku hizi ndege zinapita karibu kwelikweli, zikienda kiwanja kipya. Ungezilalamikia kwa kelele zao, halafu ungetoka nje kuzitazama mpaka zipotee. Kabati lako liko wazi mbele yangu. Harufu ya magazeti ya zamani na dawa ya nondo inanilegeza, na nikifumba macho kidogo nasikia ndala zako zikija taratibu koridoni.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa ukitutoa asubuhi baada ya misa, na sisi wa mtandio tukikusubiri nje ya kanisa, kisha tunaelekea vichakani na zile mbao zako mbili za kukandamizia mimea, zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hatukuwahi kufika popote Jumamosi zile. Hatua kumi, umepiga magoti. Hatua nyingine tano, umelala kifudifudi na kioo chako cha kukuzia, unazungumza na ua dogo lisilofika hata ukucha. Sista mmoja alisema unayapigia majani magoti mengi kuliko altare, nawe ulicheka mpaka ukakohoa. Watu husema Dodoma ni kame, lakini wewe ulitufundisha kuisubiri. Mvua ikishanyesha, kwa wiki mbili au tatu ile nchi nyekundu inachanua maua ambayo hakuna aliyeyapanda, tena hafifu kiasi kwamba ukipita na haraka zako huyaoni. Nilikuwa natembea nyuma yako kama niliyelala na kuamka kwa wakati mmoja. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Ulikuwa na amri mbili tu. Ya kwanza, kila mmea uandikiwe lebo: jina, mahali, tarehe na aliyeuchuma. "Mmea usiojulikana ulikotoka ni majani makavu tu," ulikuwa ukisema. "Kampe mbuzi." Ya pili ilihusu makosa. Ukikosea, usifute. Bandika karatasi nyingine pembeni, andika unachokijua sasa, uweke na jina lako, ili atakayekuja aone njia mliyopita wote.

Likizo moja ulinituma nikuletee mmea mmoja kutoka mlima wa nyuma ya kwetu. Mmoja tu, Padri. Lakini binti ya Shangazi Mwanaidi alikuwa anaolewa Kondoa mjini, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Kulikuwa na hina, kulikuwa na ngoma, kulikuwa na pilau ya kuliwa siku tatu. Asubuhi ya kurudi shuleni ndipo nilipokukumbuka. Pale uani kwa shangazi, karibu na bafu ambako maji hutiririka, kulikuwa na kopo la rangi lenye mmea wa vijiua vya buluu na majani yanayonukia kama limau. Shangazi alikuwa amepewa na jirani aliyehamia kutoka Iringa. Nikakata kitawi, nikakibana ndani ya daftari. Ndani ya basi nikaandika lebo: Mlima wa Kolo, upande wa mashariki, katikati ya mawe. Hata hayo mawe nilijiongezea mwenyewe, hakuna aliyeniuliza.

Ulipouona uliinuka. Ukaupeleka dirishani, ukauweka chini ya kioo, ukarudi umevua miwani. "Zubeda, huu nimeuona mara moja tu, mbali sana, kwenye baridi." Uliwaandikia wataalamu. Walijibu kwamba mmea huo ni wa nyanda za juu, haujawahi kuonekana kwetu, na kama kweli unaota mlima wa Kolo basi ni habari kubwa, ila uchumwe tena pale pale ili wapate uhakika. Ulitusomea ile barua darasani, na wote wakanipigia makofi. Na mimi nikainuka nikainama, kama bibi harusi.

Mvua ya mwaka ule ulipanda basi ukaenda Kondoa, ukaupanda mlima. Na mvua iliyofuata. Na nyingine. Mvua sita, Padri, na magoti yale. Mama yangu alikupikia ugali wa uwele na mlenda kila ulipopita, akaona nyumba yetu imebarikiwa. Mara mbili nilikusindikiza mimi mwenyewe, nimekubebea mbao, ukungu mwembamba umelala kwenye mawe na wewe mbele yangu unaonekana na kupotea, unaonekana na kupotea. Jioni unashuka umechoka, umechanwa na miiba, uso unang'aa. "Mlima wenu umenificha tena, binti. Tutaonana mwakani."

Kwa nini sikusema? Mwaka wa kwanza niliogopa. Wa pili niliona aibu. Baada ya hapo nilikuwa nimemaliza shule, nasomea ualimu kwa barua ya sifa uliyoniandikia wewe, na ndani ya barua hiyo ulikuwa umesema kwamba macho yangu yaliona kilichowapita wengine wote. Nitakuambiaje tena?

Mara ya mwisho nilikuja kukuona nyumba ya mapadri wazee na zabibu kwenye mfuko. Miguu yako ilikuwa imevimba. Ulishika mkono wangu ukasema Mungu akikupa mvua moja zaidi, utaupanda mlima kutokea upande wa mashariki, polepole. Nikafungua mdomo. Nilikuwa naanza kweli, Padri, naapa. Akaingia mhudumu na uji, ukamtania kuhusu sukari, nikacheka nanyi, nikaaga. Hukuiona mvua nyingine.

Tangu hapo nakuota. Ni ndoto ile ile: uko mlimani na kanzu yako, unainama, unainuka, unasogea jiwe linalofuata. Nakuita, na sauti haitoki. Naamka nimechoka kana kwamba ni mimi niliyekuwa napanda.

Jumatatu gari la chuo kikuu linakuja kuchukua kabati lako lote, ili mimea yako itunzwe vizuri na isomwe na watu. Mimi ndiye mwalimu wa baiolojia hapa sasa, kwa hiyo ni mimi niliyeombwa kupitia lebo. Nilipoifikia ile karatasi yenye mmea wangu, jambo la kwanza nililolifikiria ni kuichana. Nani angejua? Karatasi moja kati ya mamia. Niliitoa kabisa, nikaikunja pembe.

Halafu nikaona zilizofuata. Ulikuwa umezipanga pamoja, zote za mlima wa Kolo, ulizozichuma katika zile mvua sita. Nyasi, maua, kichaka kimoja chenye miiba ambacho kilikuchana, nakikumbuka. Na kwenye kila lebo, kwa mwandiko wako mdogo: "Nimeupata nikiutafuta mmea wa Zubeda." Zilikuwa arobaini na tatu. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Sikufuta kitu, Padri. Nimekata karatasi ndogo, nimeibandika pembeni, nimeandika: Mmea huu haukutoka mlimani. Ulitoka kwenye kopo, uani, Kondoa mjini. Mchumaji alidanganya. Nimeweka jina langu kamili na tarehe ya jana. Watakaosoma wataniona mimi, na watajua wewe ulitafuta kwa moyo mweupe.

Kisha nikaenda nayo kidato cha tatu, nikawasimulia yote, nimesimama pale pale nilipopigiwa makofi. Mwisho Neema, yule mdadisi wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo Padri alifariki hajui?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Hajui."

Nilidhani nimepoteza heshima yangu yote. Usiku sikulala vizuri. Leo asubuhi nimekuja kufungua chumba hiki nikakuta foleni mlangoni, Neema akiwa wa kwanza, macho chini. "Shikamoo, madam. Ule mmea wa kazi ya likizo... naomba karatasi yangu. Nataka kubandika nyingine pembeni." Nyuma yake walikuwa kumi na wanne. Padri, darasa zima lina wanafunzi ishirini na sita! Nimewapa gundi, nimetoka nje ili wasinione ninavyocheka na kulia.

Basi nimekuambia. Nimechelewa, na sitapata kusikia jibu lako, na hilo ndilo linaloniuma na litaendelea kuniuma. Nisamehe. Kwaheri, Padri wangu. Shuka sasa, upumzishe magoti yako. Huko juu ule mmea haupo.

Mwanafunzi wako, binti wa Kolo