Kibao cha Zahanati

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha harufu ya rangi kimekuachia kifua. Mgongo wa Mama nao unaendeleaje? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenikimbia, na chakula cha Shangazi nakitazama tu mpaka kinapoa. Yeye ananishuku kwamba nimepata mchumba. Nimemwambia heri ingekuwa hivyo.

Mtihani umekwisha. Sehemu ya kuchora haikunisumbua, mtoto wa nyoka ni nyoka. Iliyonitoa jasho ni ile ya kuandika. Wewe uliwatangazia wateja wako kwamba binti yako kazaliwa ndani ya kopo la rangi, atashindwaje kuieleza picha? Baba, kuchora ni kitu kimoja na kueleza ni kingine. Mwalimu wetu tunamwita Kwa Nini, maana kila ukitamka sentensi anakuuliza hivyo. Ukiandika kwamba mchoro ni mzuri anakata kwa wino mwekundu, anasema uzuri ni salamu, bado hujaeleza shida yako. Anataka useme unaona nini, kiko wapi, na kinamfanya nini mtazamaji. Swali likisema linganisha, nawe ukaisifu picha moja kurasa tatu, anasema umejibu swali la jirani. Na ushahidi utoke kwenye picha, sio kwenye moyo wako.

Sasa nije kwenye ombi lako. Uliponipigia simu juzi na kuniambia kwamba daktari wa zahanati anataka kuking'oa kibao ulichokichora aweke cha kuchapishwa, sauti yako sikuitambua. Najua kibao kile ndicho kinachokuletea wateja, na kwamba kikiondoka, watu watasema mzee mkono umemwishia. Ukaniomba mimi, niliyesomea kutetea kazi za sanaa, nimwandikie daktari barua ya kukitetea. Ulimi hauna mfupa, nikasema ndiyo, nikakata simu kabla hujaniuliza mtihani ulikuwaje.

Ulikuwa hivi. Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilikuwa na picha mbili za vibao vya zahanati. Cha pili kilikuwa bati jeupe, neno moja na mshale mmoja, kikavu kama mlango wa choo. Cha kwanza kilikuwa chako. Nani alikipiga picha, sijui. Mama yumo na kile kitambaa chake cha madoa, mimi mapajani nimekivuta pembeni, na maua yametuzunguka pande zote, hata mshale umeufanya kikonyo cha ua. Chini wameandika kwamba msanii hajulikani. Nusura nisimame nimwambie msimamizi kwamba mimi namjua, na kwamba anakoroma.

Waliuliza ni kibao kipi kinamwelekeza mgonjwa vizuri zaidi, tulinganishe na kutetea jibu. Nilianza kukutetea, Baba, Mungu ni shahidi. Nikaandika kwamba rangi zina joto na uso wa Mama unatuliza. Halafu nikajiuliza: unatuliza, sawa, lakini je, unaelekeza? Nikakata mistari yote.

Nilichagua bati jeupe. Niliandika kwamba kwenye kibao cha kwanza jicho linakwenda usoni kwa mama, kisha kwa mtoto, kisha kwenye maua, na mshale linaukuta mwisho, kama linaukuta. Niliandika kwamba herufi zenye vivuli viwili zinagandana ukiwa mbali. Niliandika kwamba mtu aliyebeba mgonjwa hana nafasi ya kutazama maua. Kalamu haikukwama hata mara moja. Nadhani nitafaulu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa hiyo barua ya daktari siwezi kuiandika. Naogopa utaniona msaliti, lakini naogopa zaidi kukuandikia uongo ambao wewe mwenyewe ungeugundua.

Kuna jambo moja sikuliweka kwenye jibu, kwa sababu halikuwamo kwenye picha. Tangu nina akili, watu wenye wagonjwa wanapita chini ya kibao kile, wanakuja mlangoni kwetu kuuliza zahanati iko wapi. Wewe unaweka brashi chini, unatoka nao hadi kwenye kona, na yule bibi aliyeishiwa nguvu ulimbeba mgongoni. Miaka yote hiyo, Baba, aliyekuwa akiwaelekeza wagonjwa ni wewe.

Nisalimie Mama na majirani wote wa karakana. Shangazi anakusalimu sana, hajui lolote kuhusu haya. Kama umekasirika nipigie unigombeze mpaka salio liishe, ila tafadhali usininyamazie.

Ni mimi binti yako,
kitinda mimba