Shavu la Akinyi na Taa ya Kamera

Homa Bay, Jumatano, Agosti 1996

Leo joto limeamka kabla yangu. Ziwa limelala, upepo hakuna, na kufikia saa nne mabati ya saluni yalikuwa yakilia kwa jua. Nimesuka wateja wawili, na mmoja nimemsuka vibaya. Aliniambia, nikakubali, nikafumua.

Akili haikuwa kwenye nywele. Nilikuwa namngoja Ouma.

Ouma ndiye mpiga picha wa hapa sokoni, mlango wa tatu kutoka kwetu. Filamu zake huenda Kisii kusafishwa. Ile ya wiki iliyopita ilikuwa na nafasi tatu mwishoni, baada ya picha za wanafunzi, naye akaniachia. Mbili nilipigwa mimi. Ya tatu alipigwa Akinyi, mdogo wangu, anayeolewa Jumamosi na mwalimu wa Karungu.

Akinyi hapigwi picha. Aliungua na koroboi, ile taa ya mafuta, akiwa mtoto, na shavu la kushoto lina kovu kutoka karibu na sikio mpaka pembe ya mdomo. Sokoni hajali nani anamtazama. Kamera ndiyo hataki kuiona. Mwalimu wake huu mwaka wa tatu wanajuana na hana picha yake hata moja. Aliniambia mwenyewe, kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake. Na Akinyi ametangaza kwamba Jumamosi ataingia kanisani shela ikiwa chini, imefunika uso, na chini itabaki mpaka Ouma afunge kamera yake aende.

Niandike ukweli, kwa kuwa sijawahi kuuandika. Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa akipigwa picha, ila anaigeuzia kamera shavu la kulia. Alikoma siku ya harusi ya binamu yetu kule Rodi Kopany, na siku hiyo mimi ndiye niliyempaka poda.

Nilijitia ujuaji. Nilikuwa nimetoka tu kujifunza saluni, nina poda mpya, na huku kwetu kila mtu anajua kwamba mwanamke harusini lazima ang'ae. Nikachagua rangi nyepesi kuliko yake, nikalizika lile kovu, tabaka juu ya tabaka, nikamwambia leo utazame mbele kama wengine. Kwenye kioo alipendeza, hata Mama alisifu. Picha zilipokuja, sisi wote tulikuwa na rangi zetu, na katikati yetu Akinyi, shavu moja jeupe kama ametoka posho mill kusaga unga. Shangazi mmoja alicheka. Akinyi alichukua wembe akajikata kutoka kwenye ile picha, polepole, akifuata mstari wa bega lake mwenyewe. Mama ameitundika ukutani hivyo hivyo, na tundu lake.

Tundu lile nililitoboa mimi.

Kwa hiyo mwezi huu nilimwendea Ouma nikamuuliza bila kujificha, poda gani haiharibu picha. "Atieno, hii taa yangu haina adabu," akasema. "Kitu chochote cheupe umeficha kwa uso, inatoa nje." Akanifundisha ujanja wa tochi. Unaingia pahali penye giza na kioo, unashika tochi kando ya jicho, unajimulika, unaona kile ambacho kamera itaona.

Siku hiyo nilijifungia kwenye stoo ya saluni saa sita mchana, jasho likinitiririka, nikajaribu kila nilicho nacho. Poda ya mtoto, hii tunayojipaka shingoni kanisani, ilitoka nyeupe pe. Ile poda ya Rodi Kopany ilitoka kijivu, nikaona haya hata nikiwa peke yangu. Vaselini tupu ilining'arisha kama sufuria mpya. Iliyonyamaza mbele ya tochi ilikuwa fondesheni moja ya kupaka usoni, ya kahawia inayoelekea wekundu, ambayo sikuwahi kuigusa kwa sababu ndani ya kopo inaonekana kama matope.

Nimejifunza kutoijaribu nyuma ya mkono. Naipaka kwenye taya, nasimama mlangoni juani, na nikishindwa kuona inaishia wapi, ndiyo hiyo. Kidogo tu, kwa sponji yenye unyevu, mpaka shingoni. Halafu tishu kwenye pua na paji kunyonya mafuta.

Siku ya zile picha tatu, Akinyi alikuja kunicheka tu, kwa sababu picha ya kwanza nilipigwa nusu uso poda ya zamani, nusu hii mpya. Ya pili, mpya kote. Ouma akasema imebaki moja. Mimi nikaogopa hata kumwangalia Akinyi. Akakaa kwenye kigoda mwenyewe. "Basi nipake," akasema, "lakini ikiwa mbaya unaitia kwa jiko kabla sijaiona."

Nilimpaka mashavu yote mawili sawasawa. Kovu sikulizika.

Leo saa saba bahasha ya picha imefika. Nimeifungulia stoo. Ya kwanza, upande mmoja ni mimi na upande mwingine ni marehemu. Ya pili, mimi mzima. Ya tatu niliitoa kifudifudi, nikaomba, nikaigeuza.

Uso na shingo, rangi moja. Kovu lipo, lakini limetulia, kama lilivyo akiwa nyumbani anaosha vyombo. Ni yeye kabisa. Ila macho ameyafumba. Nafasi moja tu, na taa imemkuta akipepesa. Nilikaa juu ya katoni ya mafuta ya nywele nikalia. Nilifikiria hata kumdanganya kwamba filamu iliungua.

Sikumdanganya. Nilifunga saluni nikaenda nyumbani, nikamkuta anachagua maharagwe na Mama. Alifuta mikono kwenye leso, akaipeleka picha kwenye mwanga. Akaiangalia muda mrefu.

"Macho nimefunga," akasema.

Nikaanza kuomba msamaha. Hakunisikiliza hata.

"Jumamosi umwambie Ouma ahesabu tatu kwanza."

Akaitia picha ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akarudi kwenye maharagwe.

Nimeosha sponji zote mbili, nimezianika dirishani. Ninaogopa bado, lakini ni woga wa mtu mwenye kazi ya kufanya. Mama amenifuata hadi mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sasa aishushe ukutani ile picha ya Rodi Kopany. Nimemwambia aiache kwanza, msumari usikae bure, mpaka picha za Jumamosi zirudi kutoka Kisii.