Nilisahau Kusema "Kata"

Mwenzangu, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Unajua kaka alikubali kuja kumwonyesha mwigizaji wa kikundi chetu cha filamu jinsi mtu anavyovuta unga. Miezi tisa tangu aache, hajaugusa, nikaona hakuna mwalimu kama yeye. Mimi na akili zangu!

Mwigizaji alikuwa anaikunja ile karatasi ya foili ya kuvutia kama anafunga pipi. Kaka akacheka, "Lete hapa, bwana mdogo." Akakaa. Ndani ilikuwa glukosi tu badala ya unga, nakuapia.

Lakini mikono yake! Mikono ilikumbuka kila kitu. Jasho likamtoka, macho yakaenda mbali. Na mimi, mwongozaji, nimesimama kando ya kamera nawaza, hii picha nzuri. Sikusema "kata". Nilisahau kabisa!

Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akasema, "Kaka yako anatushinda wote kuigiza!"

Kaka akaniangalia. "Siigizi, mdogo wangu. Nipeleke kwa mshauri wangu sasa hivi. Usiniache nitembee peke yangu."

Kile kipande cha video nimekifuta chote. Wanifukuze kwenye kikundi wakitaka.

Tumefika. Yuko ndani na mshauri wake, mlango umefungwa, lakini namsikia anaongea. Anaongea, mwenzangu.