Miti Niliyoikata Mwezi Ukikua

Mjukuu wangu Wawira,

Sisi tu wazima, na nyanya yako ameanza kupalilia ndengu. Umeandika kwamba mama mwenye nyumba unayopanga huko Ayalandi hupanda viazi mwezi ukipungua, kama wazee wao. Ukauliza kama sisi hapa Gachoka tuliufuata mwezi pia.

Nimefungua shajara ya mwaka niliomaliza shule. Mwezi ulikuwa unakua nilipokata miti ya nyumba ya kuishi na nyanya yako nikishamwoa.

"Ngoja upungue," mama alisema. "Sasa mti umejaa maji, wadudu watautafuna."

"Mama, mwezi haulijui shoka langu."

"Haya, mwalimu. Kata."

Nyanya yako alipokuja kuiona nyumba, vumbi la miti iliyotafunwa na wadudu lilimdondokea begani. "Inasaga unga hata kabla sijafika?" Alicheka, lakini akasema humo haingii.

Basi nikangoja. Kila asubuhi nilisimama uani na mama, tukiutazama mwezi mweupe ukikonda juu ya mtama, mpaka ukapotea. Ndipo nikakata miti mingine, na hiyo haikutafunwa.

Kama ni mwezi uliowazuia wadudu, sijui. Ila tangu nianze shule, sikuwa nimesimama hivyo na mama, tukitazama kitu kimoja.

Mungu akutunze huko,
Babu yako