Mtarakwa Uliogoma Kuolewa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na picha ya mti wako wa mtarakwa. Huku Kikwe tu wazima. Ng'ombe amezaa, na baba yako mdogo anayekaa Sakina bado anaahidi kuja Jumapili.

Unauliza kama uutafutie chungu kikubwa zaidi, maana tangu uuhamishe haujaongezeka hata unene wa ukucha. Subiri kwanza.

Nilipoolewa hapa nilikuja na mtarakwa kwenye kopo, kitu pekee nilichotoka nacho kwa baba, upande wa pili wa mlima. Mizizi ilipojaa kopo nikauhamishia kwenye ndoo ndogo niliyoitoboa chini, nikachanganya udongo na changarawe. Babu yako akaja na samadi, kana kwamba napanda mgomba. Nikamrudisha nayo. Miezi ikapita, mti uko vilevile.

"Mkwe wangu," mama yake akasema, "mti wako umegoma kuolewa. Tuufanye kuni tuchemshie maharage."

"Mama, haujakauka."

"Wala haujakua!"

Akaushika shinani, akavuta. Mti haukung'oka, ndoo nzima ikainuka nao, na udongo wake wote.

Akautua taratibu. "Kumbe ulikuwa na shughuli zake huko chini."

Basi wako uache hapohapo, na maji kidogo tu.

Ule wangu, kesho yake baada ya kuvutwa, nilimkuta mama mkwe akiumwagilia, akidhani simwoni. Tangu hapo kazi yangu ikawa kumzuia asiuzamishe.

Nakuombea mvua za kiasi,

Bibi yako