Bushi yenye alama ya Milutin

Desanka, hivi umewahi kunisikia nikimwita mtu mwizi?

Leo nimemwita hivyo Stojan, fundi wa kinu cha maji. Mbele ya foleni nzima yenye magunia ya mahindi!

Alikuwa amechomoa bushi, ile pete ya shaba inayoshika shafti ya kinu. Nikaikwaruza kwa kisu changu cha kumenyea. Laini, ikaacha mfuo wa kijivu. Nikapayuka, "Hii ina madini ya risasi! Umechakachua shaba, mwizi we!" Mwenye kinu akamwambia akusanye vyombo vyake aondoke.

Mwizi, Desanka. Nilisema mwizi.

Stojan akaipangusa shafti, akanishika mkono niiguse. Nyororo kama sahani. "Risasi huwekwa makusudi, mama Radojka. Mafuta yakipungua, ndiyo inayotelezesha. Bushi inalika, shafti inapona. Bushi naibadilisha kwa siku moja. Shafti ikiharibika, kinu kinalala msimu mzima."

Halafu akaigeuza ile bushi. Alama ya Milutin wangu! Marehemu mume wangu aliisubu mwenyewe kwa shaba ya kuyeyusha. Miaka yote ile nilimpelekea chakula kiwandani, sikuuliza hata siku moja anachanganya nini.

Mzee mmoja kwenye foleni akacheka, "Radojka, kumbe mwizi ulikuwa unampikia maharage!"

Nikamwambia mwenye kinu kosa ni langu, amrudishe fundi. Akamrudisha. Nikamuuliza Stojan anataka nimfanyie nini. Akapachika kwanza bushi mpya.

"Nilitaka uniulize tu, mama. Kabla ya kupiga kelele."