Matuta ya Zaina

Jumatatu, 1 Mfunguo Nne

Zaina, mke wangu, anachoma mabua ya mwaka jana nyuma ya nyumba. Moshi umeingia barazani. Watoto wa chuo wamekohoa mpaka kusoma kukawashinda. Nimewaachia mapema. Kesho ataanza kulima, maana mawingu yamekwisha kukaa upande wa mto Kasuku. Ameniomba fito za kuziba ua pale mbuzi wanapopenyea. Nimesema kesho. Nilisema hivyo Ijumaa pia.

Jumanne, 2 Mfunguo Nne

Amelima kuanzia mgombani hadi karibu na jiko. Mimi nimeandika makombe. Watu wanaleta sahani, naandika aya kwa zafarani, wanaiosha kwa maji na kumnywesha mgonjwa. Ndui imeingia mtaa wa chini, kwa wapiga makasia. Zaina ameniuliza kama kombe linasaidia. Nimemjibu kwamba anayeponya ni Mungu. Hajauliza tena.

Fito sijakata.

Jumatano, 3 Mfunguo Nne

Zaina anaumwa kichwa na mgongo. Anasema ni jembe. Ameketi kivulini kuchambua mbegu: lengalenga, bamia, kunde, nyanya chungu. Kila aina ameifunga katika kipande cha ganda la mgomba. Nimemtazama tu. Miaka tisa nimekula mboga za bustani hii na sijui mbegu ipi ni ya nini. Za lengalenga ni kama vumbi jeusi.

Ijumaa, 5 Mfunguo Nne

Homa kali. Sikwenda msikitini. Nimeandika kombe kwa ajili ya mke wangu mwenyewe, herufi zikaenda upande. Amelinywa lote.

Jumamosi, 6 Mfunguo Nne

Vipele usoni na viganjani. Ndui.

Watu wa mwinyi wa mji walifika kabla ya adhuhuri. Amri yake njo hii: kila mgonjwa anavushwa kijito, anawekwa kwenye vibanda vilivyo katika michikichi. Mtu asiye mgonjwa akivuka kumfuata, harudi mjini mpaka ugonjwa uishe. Nimesema nitakwenda naye. Mmoja wao ameniuliza kama nimewahi kuugua. Nimesema bado. Amenitazama kama mtu anayetazama kaburi.

Zaina ndiye aliyemaliza maneno. "Bwana, baki. Udongo uko wazi. Nani atapanda?"

Ameondoka kwa miguu yake, shuka kichwani. Mimi mlangoni.

Naandika kweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: aliponizuia, moyo wangu ulipata nafuu. Ndipo nikaona haya.

Jumapili, 7 Mfunguo Nne

Anayewapelekea wagonjwa chakula ni Mama Sanga, mjakazi wa mwinyi. Uso wake wote ni mashimo ya ndui ya zamani, kwa hiyo haimpati tena. Hakuna aliyemwuliza kama anataka. Amepewa chungu na kuonyeshwa njia.

Nimempa uji, asali na shuka ya pili. Amerudi na maneno ya Zaina. Koo linamuuma. Anauliza kama nimelima.

Nikachukua jembe. Kwa nusu saa viganja vimechubuka. Nimezoea kalamu.

Jumatatu, 8 Mfunguo Nne

Nimefunga chuo. Wazazi wenyewe wameacha kuleta watoto.

Nimetengeneza matuta manne. Yananyooka vizuri kutoka jikoni hadi chini kwenye mfereji. Nilijisifu kidogo. Nikasia lengalenga, konzi kwa konzi.

Jumanne, 9 Mfunguo Nne

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri hadi asubuhi. Mvua kubwa. Maji yalipita katikati ya matuta kama mto, yakachukua udongo, yakachukua mbegu, yakapeleka vyote mferejini. Nilisimama kwenye upenu na jembe mkononi. Ningefanya nini? Sikufanya kitu.

Mama Sanga alipita na chungu chake, akatazama, akaweka chungu chini.

"Mwalimu, matuta haishuke na mulima. Inakata mulima. Bibi njo alisema nikuambie. Nilisahau."

Sikumkasirikia. Ana wagonjwa wengi na kila mmoja ana neno la kutuma.

Alhamisi, 11 Mfunguo Nne

Nimeanza upya. Matuta sasa yanakata mteremko. Nimechimba hadi mgongo ukakataa. Mbuzi wa jirani waliingia nilipokuwa ninaswali, wakayakanyaga mawili. Nimeyarudia. Halafu nikaenda kukata fito, zile zile alizoniomba. Kazi yenyewe haikumaliza hata asubuhi moja. Siku zote zile nilikuwa ninangoja nini?

Zaina amevimba uso. Hali kitu, anakunywa tu.

Jumamosi, 13 Mfunguo Nne

Baba wa mwanafunzi wangu mmoja amerudisha sahani. Nililiandika kombe la mtoto huyo siku ya Jumanne. Ameiweka barazani, imeoshwa safi, akaenda zake. Nimejua.

Zafarani imekwisha. Wakija wengine nitawaambia imekwisha, na nitafurahi kuwa ni kweli.

Jumatatu, 15 Mfunguo Nne

Nimepanda. Zaina alituma maelekezo, Mama Sanga akayashika kwenye vidole, kidole kimoja neno moja. Lengalenga ichanganywe na mchanga, isikae rundo. Bamia ilale majini kwanza. Kunde chini ya ua ipande fito. Nyanya chungu mwisho, karibu na jiko, ipate majivu.

Yote nimefanya. Nimenyunyiza maji kwa kibuyu. Jioni kuku wa jirani wakaja kuchakura na nikawafukuza kama mwendawazimu.

Mwanamke aliyelala karibu na Zaina amefariki. Alikuwa na mimba. Zaina ametuma neno kwamba asomewe. Nimemsomea peke yangu, sijui hata jina lake.

Jumatano, 17 Mfunguo Nne

Zaina ameomba kitu. Anataka nije ukingoni mwa kijito siku ya Ijumaa baada ya sala. Mama Sanga atamtoa nje ya kibanda, naye anione tu kutoka ng'ambo. Hakuna amri inayokataza kusimama ukingoni.

Nimesema nitakuja.

Ijumaa, 19 Mfunguo Nne

Sikwenda.

Nilitoka msikitini nikashika njia ya kijito. Nilipofika kwenye michikichi ya kwanza upepo ulivuma kutoka ng'ambo ukaleta harufu. Sitaiandika. Nikasimama. Nikaona watu wawili wanabeba kitu kilichofungwa mkeka. Miguu ikageuka yenyewe. Si kweli. Niliigeuza mimi.

Nikarudi kupalilia mahali pasipo na magugu.

Mama Sanga alipokuja nilimwambia kulikuwa na watu wa mwinyi njiani. Anapita njia hiyo mara mbili kwa siku. Anajua hakukuwa na mtu.

Jumamosi, 20 Mfunguo Nne

Lengalenga imeota. Vijani viwili viwili, vyekundu kwa chini. Sikufurahi.

Zaina hakutuma neno lolote.

Jumapili, 21 Mfunguo Nne

Hakutuma neno. Nimeuliza kama amekasirika. Mama Sanga amesema, "Anaumwa, Mwalimu," akaondoka na chungu.

Zaina aliletwa hapa na msafara akiwa binti, kutoka nchi ya Wazimba. Walichoma kijiji chao. Hajawahi kuniambia zaidi ya hilo na mimi sijauliza zaidi ya hilo. Nilimwoa akawa huru, na watu wakanisifu kwa wema. Yeye alichoomba siku ya ndoa ni kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Nilidhani ni ombi dogo.

Jumatatu, 22 Mfunguo Nne

Nimekwenda. Sikumwambia mtu.

Kijito kimejaa kwa mvua, lakini si kipana. Mtu angeweza kurusha kibuyu kikavuka. Nilimwita Mama Sanga, akaingia kibandani, akatoka amemshika mkono. Nilimjua kwa shuka. Uso sikuujua.

Nikasema, "Zaina, nimekuja."

Akageuza kichwa, lakini si upande niliosimama. Upande wa maji yanakopiga mawe.

"Uko wapi?" akauliza.

"Hapa. Mbele yako."

"Macho imefungwa, Bwana. Ijumaa nilikuwa naona. Jicho moja, kidogo. Mama Sanga aliniweka hapa hapa, nikaangalia njia mpaka jua likaenda."

Zile aya zote nilizohifadhi, wala moja haikuja. Akauliza kama nimeondoka.

Nikamwambia nipo. Nikamwambia lengalenga imeota. Akauliza kama nimeipunguza. Nikasema bado. "Ipunguze," akasema. "Ikibanana haikomai." Kisha akachoka, akaomba kuingia.

Nimerudi nyumbani na nimekaa.

Jumanne, 23 Mfunguo Nne

Nimekwenda tena ukingoni. Alikuwa amelala. Nimekaa hadi alasiri nikitazama mlango wa kibanda.

Jumatano, 24 Mfunguo Nne

Nimepunguza lengalenga. Kung'oa mmea uliohangaika kuota ni kazi mbaya. Unachagua upi uishi, na huna sababu.

Ijumaa, 26 Mfunguo Nne

Mama Sanga amesema homa imeshuka. Vidonda vinakauka. Ataishi. Nimelia mbele yake, akageuka kutazama kunde ili nisione haya.

Nimemuuliza kuhusu macho. Akasema, "Haiko tena. Yote mbili."

Nilimwomba asimwambie. Akasema Zaina njo aliyemwambia yeye.

Jumatatu, 29 Mfunguo Nne

Wadudu wameingia kwenye bamia. Majani yana matundu kama chujio. Nimewaokota kwa mkono, nimemwaga majivu. Asubuhi wako tena. Nimetuma kumuuliza Zaina. Jibu: waachie bamia, ulinde vingine. Kwa hiyo nimewaachia. Kila nikipita nasikia uchungu usiolingana na bamia.

Jumamosi, 4 Mfunguo Tano

Magamba ya vidonda vya Zaina yanadondoka. Wanasema siku chache tu, atarudi. Nimefagia nyumba, nimeondoa vigoda njiani, nimetandika mkeka mpya. Nimejaribu kutembea kutoka kitandani hadi bustanini macho nimefunga. Nimegonga mlango kwa paji la uso. Mara ya pili nimeanguka kwenye tuta na kuvunja nyanya chungu mbili.

Alhamisi, 9 Mfunguo Tano

Zaina yuko nyumbani.

Mama Sanga amemleta hadi kijitoni, mimi nimeingia maji nikampokea. Amekuwa mwepesi. Njiani watu walitupisha mbali, wengine wakafunga milango. Amenyolewa nywele, nguo zake zimechomwa. Uso wake una mashimo mapya, mekundu. Niliutazama sana, kisha nikaona haya kuutazama hivyo, yeye asiweze kunitazama.

Nilipomkalisha nilimwambia. Kwamba Ijumaa ile hakukuwa na watu wa mwinyi. Kwamba nilifika michikichini nikaogopa nikarudi.

Akasema, "Najua."

Baadaye aliomba maji ya kuoga.

Ijumaa, 10 Mfunguo Tano

Hasemi nami sana. Si ukali. Anajibu ninachouliza. Amekaa mlangoni kwa nyuma, uso kwenye bustani. Nilimpelekea uji akala. Nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno mazuri, ninayo mengi, kazi yangu ni maneno. Nikaona nitakuwa ninamtwika mzigo mwingine. Nimeyaacha.

Jumapili, 12 Mfunguo Tano

Leo amesema nimpeleke matutani. Amekwenda kwa magoti, tuta kwa tuta, akigusa majani na kunusa vidole. Lengalenga akaitambua, kunde akaitambua. Kwenye bamia akakawia, akahesabu mashina yaliyobaki kwa kuyagusa. Akang'oa mmea mmoja nilioulea kwa maji kila siku.

"Hili ni gugu," akasema.

Nikasema sikujua.

"Ulilimwagilia?"

"Kila siku."

Ameshika lile gugu muda, mizizi yake ikining'inia. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Ila aliponipa mkono nimwinue hakuuachia upesi.

Jumatano, 15 Mfunguo Tano

Mvua ndogo asubuhi, kisha jua. Mji kimya. Ndui imehamia vijiji vya juu, wanasema. Mama Sanga amepelekwa huko na chungu chake. Sikupata kumuaga.

Watoto wanne wamerudi chuoni. Walikuwa kumi na mmoja.

Zaina alitaka kupanda vitunguu mwenyewe. Nilimlainishia tuta, nikamwekea miche kwenye ungo. Akapima kwa kiganja, akatoboa kwa kidole, akafunika. Kiganja, kidole, kufunika. Asubuhi nzima. Nilikaa barazani nikisikiliza watoto, na kila mara nikigeuka.

Mstari umepinda. Umeanzia katikati ya tuta, umeishia pembeni kabisa, mche wa mwisho uko karibu kudondoka. Aliuliza kama umenyooka. Nilitaka kusema ndiyo.

Nimesema umepinda kidogo kwa mwisho. Akasema basi uache, kitunguu hakijali. Akanawa mikono, akaingia ndani kulala.

Nimeuwekea mche wa mwisho udongo kidogo usianguke. Mingine sikuigusa.